Ukitumia Tor ukiwa Pemba, unajificha kwa nani?

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Nafanya kazi katika afisi moja kisiwani Pemba. Nimeona hati za malipo ya vifaa ambavyo havijawahi kufika, na nataka zimfikie mwandishi wa habari bila ya mtu kujua kuwa zimetoka kwangu. Mdogo wangu ananambia nitumie Tor, ati ukishaingia humo hakuna anayekuona, hata kampuni ya simu. Ni kweli? Na anaweza kuniwekea kwenye simu yangu hii hii?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hiyo inayosomeka hapo juu. Nimeondoa wilaya, aina ya afisi, mwaka wa malipo na vifaa vyenyewe, kwa sababu ukiyaweka yote hayo pamoja, mtu anayeijua Pemba angekutambua kabla hajamaliza kusoma. Umeniandikia pia kutoka anwani yenye jina lako. Nimeifuta barua hiyo kwangu, lakini nakala yake ipo kwenye barua ulizotuma, na kampuni inayokuhifadhia barua pepe inayo kumbukumbu yake. Sikulaumu hata kidogo. Kila mtu huanza hivyo. Ila nimeona nianze na hili kwa sababu lina jibu langu ndani yake. Tor, ambayo ni programu na mtandao wa kutumia intaneti bila ya kujulikana, inaficha njia ambayo ujumbe wako unapita, na inaifanya kazi hiyo vizuri. Hati zenyewe, mazoea yako na watu wanaokuzunguka, hayo haiyagusi.

Ukifungua tovuti kwa njia ya kawaida, pande mbili zinakujua. Kampuni ya simu inaijua laini yako, ambayo imesajiliwa kwa alama za vidole vyako, na inaona umeungana na seva gani, saa ngapi, kwa data kiasi gani. Tovuti nayo inaiona anwani ya IP, yaani namba ya kukutambulisha mtandaoni, uliyopewa na kampuni hiyo. Kile kialama cha kufuli kwenye kivinjari kinakwambia kuwa yaliyomo yamesimbwa, yaani yamegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ya ufunguo: kampuni haisomi ulichoandika, lakini ulikokwenda inakuona. Wengi hapa kwetu hukimbilia VPN, huduma ya kupitisha mawasiliano yako kwanza kwenye seva ya mtu mwingine, wakidhani imemaliza mambo. VPN inahamisha tu imani yako kutoka kwa kampuni ya simu kwenda kwa mwenye VPN. Yeye anaiona anwani yako upande huu na tovuti upande ule, na akilazimishwa na mahakama, au akiamua kuuza, vyote viwili anavyo.

Tor ilibuniwa ili mtu mmoja wa namna hiyo asiwepo. Wazo lake lilianza katikati ya miaka ya 1990 katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, kwa Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag. Mtandao wenyewe ulianza kazi 2002, ukijengwa na Roger Dingledine na Nick Mathewson pamoja na Syverson, na tangu 2006 uko chini ya shirika lisilotafuta faida, Tor Project. Wanafunzi wangu huniuliza kila mara: jeshi litoeje chombo chake cha siri kitumiwe na dunia nzima? Kwa sababu mtandao unaotumiwa na wanajeshi peke yao haumfichi mwanajeshi. Yeyote atakayeonekana ameungana nao atajulikana ni wa jeshi. Ili wapotee walihitaji wanafunzi, waandishi, wafanyabiashara, watu wanaosoma habari zilizofungwa nchini mwao, wote wakipita njia moja. Walihitaji umati. Nitarudi kwenye umati huo tukifika Pemba.

Sasa namna inavyofanya kazi. Chukulia unapeleka barua kwa mkono kutoka Wete hadi Dar es Salaam, na umeitia ndani ya bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Dereva wa gari la Wete anaifungua ya nje na kukuta jina la mtu wa bandarini Mkoani, basi. Wa Mkoani anaifungua ya pili, anakuta jina la mtu wa Malindi, Unguja. Wa Malindi anaifungua ya tatu, ndipo inapoonekana anwani ya Dar. Dereva anakujua wewe lakini hajui barua inaishia wapi. Wa Malindi anajua inakoishia lakini hakujui wewe. Wa Mkoani hajui mwanzo wala mwisho.

Katika Tor, watu hao watatu ni kompyuta zinazoendeshwa na watu na mashirika ya kujitolea, elfu kadhaa duniani, nyingi zikiwa Ulaya na Marekani, na bahasha ni matabaka ya usimbaji. Programu iliyo kwenye kifaa chako hupata orodha ya vituo vyote, iliyotiwa saini na seva chache zinazoaminiwa, zisizofika kumi, na kutolewa upya kila saa. Kisha programu yenyewe, si mtu mwingine, huchagua vitatu: kituo cha kuingilia, cha kati na cha kutokea. Hukubaliana na kila kimoja ufunguo wake. Data hukatwa vipande vya ukubwa mmoja, karibu baiti 500, ili kipande kisitambulike kwa unene wake, na kila kituo huvua tabaka lake na kupitisha kilichobaki. Baada ya kama dakika kumi, ukifungua kitu kipya kinapewa njia mpya.

Isipokuwa kituo cha kuingilia. Hicho hukaa kile kile kwa miezi, na watu huona ni uzembe. Fikiri hivi: adui anaweza kujiunga na mtandao huu kwa vituo vyake mwenyewe, maana mlango uko wazi kwa kila mtu. Akibahatika kukishika cha kuingilia na cha kutokea katika njia yako kwa wakati mmoja, amekuunganisha na unachokifanya. Ukibadilisha cha kuingilia kila mara, kuna siku utaangukia mikononi mwake, ni suala la muda tu. Ukibaki na kimoja kilicho salama, hakupati kwa muda wote huo. Waliojenga Tor waliona afadhali wachache wawe na bahati mbaya tangu mwanzo kuliko wote waonje hatari kidogo kidogo mpaka wote wanaswe. Mimi nauona uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo yaliyofikiriwa vizuri zaidi katika fani hii.

Kituo cha kutokea kina tatizo lake. Pale ndipo tabaka la mwisho linapovuliwa, kwa hivyo mwenye kituo anaona kila kinachotoka bila ya kusimbwa na tovuti yenyewe. Mwaka 2007 mtaalamu wa usalama wa Sweden, Dan Egerstad, aliendesha vituo 5 vya kutokea na kunasa nywila za barua pepe za balozi na idara za serikali mbalimbali. Hakuvunja kitu. Wenyewe walizipitisha wazi, wakidhani Tor inasimba kila kitu kutoka mwanzo hadi mwisho. Leo tovuti nyingi hutumia HTTPS, usimbaji ule wa alama ya kufuli, na mlango huo umefungika kwa kiasi kikubwa, lakini ukiona tovuti haina kufuli, usiandike kitu humo ukiwa kwenye Tor.

Kasoro iliyo nzito zaidi haiko kwenye usimbaji, iko kwenye saa. Mwaka 1981 David Chaum, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alichapisha njia ya kutuma barua pepe ambamo kila kituo hukusanya barua nyingi, hukaa nazo, huzichanganya, kisha huzitoa kwa mpangilio mwingine. Anayeutazama mlango wa kuingilia na wa kutokea hajui ipi ni ipi. Gharama yake ni kungoja. Waliojenga Tor walitaka mtu aweze kusoma gazeti na kuzungumza bila ya kusubiri saa nzima, kwa hivyo vituo vyao havikai na kitu: kinachoingia kinatoka papo hapo. Data yako inaondoka kwenye simu saa 3 na dakika 4 usiku, fungu kubwa, kisha kimya, kisha mafungu mawili madogo, na muda mfupi baadaye inatoka upande wa pili na mwendo ule ule. Anayeziona ncha zote mbili hahitaji kufungua bahasha yoyote. Analinganisha saa. Wabunifu wenyewe waliandika hilo bila ya kuficha katika maelezo yao ya 2004: mfumo huu haumzuii mwenye kuona pande zote mbili.

Na si nadharia. Septemba 2024 vyombo vya habari vya Ujerumani viliripoti jinsi polisi wa huko walivyomfikia mwendeshaji wa tovuti ya picha za udhalilishaji wa watoto. Walivitazama vituo vya Tor kwa muda mrefu, wakakijua kituo chake cha kuingilia, kisha kampuni ya simu ikaamriwa itaje wateja wake walioungana na kituo hicho. Tor Project walijibu kwamba mtu huyo alikuwa akitumia programu ya mazungumzo ya zamani isiyokuwa na kinga zilizoongezwa baadaye. Kukamatwa kwake kunanifurahisha. Lakini wewe unayetaka kufanya wema unapita katika mtandao ule ule, na mipaka yake ni ile ile kwako na kwake.

Basi jiulize anayeweza kukutafuta ni nani. Mkuu wa afisi yako hawezi kutazama vituo vya Ujerumani kwa miezi. Anachoweza ni kuuliza nani alikuwa na hati hizo, nani alichelewa kutoka siku ile, na kumwita kijana wa kompyuta amtazamie kumbukumbu za ruta. Na hapa ndipo umati unapokuwa na maana.

Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard alitaka mtihani uahirishwe, akatuma barua pepe za vitisho vya bomu. Alipita kwenye Tor na akatumia huduma ya barua pepe za muda. Tor haikumsaliti, hakuna aliyeifungua njia yake. Wachunguzi waliona tu kwamba barua zimetoka Tor, wakauliza ni nani aliyeungana na Tor kupitia mtandao wa chuo katika muda ule. Walikuwa wachache. Walipomfikia na kumhoji, akakiri.

Huko ni Harvard, penye maelfu ya wanafunzi wenye udadisi. Sasa njoo kwetu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tano Pemba nzima. Katika hao, ni wangapi wanaoungana na Tor usiku wa Jumanne fulani? Ni wangapi kati yao wanafanya kazi katika afisi yako? Upande wa kutokea, Tor inakuchanganya na mamilioni ya watu wa dunia. Mwandishi wa Dar atakayepokea ujumbe hawezi kujua umetoka Pemba, London au Manila. Upande wa kuingilia, umati wako ni wa kisiwa, na ukitumia mtandao wa afisi umati wako ni wewe peke yako. Mdogo wako alikosea hapo aliposema kampuni ya simu haikuoni. Haioni unakwenda wapi. Kwamba uko kwenye Tor, na tangu saa ngapi mpaka saa ngapi, hilo inaliona, kwa sababu orodha ya vituo ni ya hadharani.

Kuna dawa ya nusu. Tor ina vituo vya kuingilia visivyotangazwa kwenye orodha, vinavyoitwa madaraja, na mbinu za kuibadilisha sura ya data. Moja, obfs4, huifanya ionekane kama mchanganyiko usio na maana yoyote. Nyingine, Snowflake, hupitia vivinjari vya watu wa kujitolea na kufanana na simu ya video. Zilitengenezwa hasa kwa nchi zinazoifunga Tor, na zinapunguza sana uwezekano wa kujulikana unaitumia, ila hakuna mtu mkweli atakayekuapia kwamba zinauondoa. Na intaneti ikikatwa kabisa, kama ilivyokatwa nchini siku ya uchaguzi, Oktoba 2025, hakuna daraja litakalokuvusha, maana Tor yenyewe inapita juu ya intaneti.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo ikiwataka wanaotumia VPN wazisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. Tor si VPN kwa maumbile yake, lakini usijenge usalama wako juu ya tofauti hiyo. Kabla ya kutuma ukurasa mmoja, zungumza na mwanasheria, ana kwa ana. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina afisi Pemba, na suala lako pengine lina njia nyingine, kama ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya rushwa na uhujumu uchumi. Wewe ndiye unayejua kama njia hiyo unaiamini.

Sasa hati, ambazo kwangu ndizo hatari kubwa kuliko yote niliyoyaeleza. Faili la Word hubeba jina la aliyeliandika na la aliyelihifadhi mwisho. Picha ya simu inaweza kubeba aina ya simu, saa, na mahali ilipopigwa. Mashine nyingi za kuchapa na seva za afisi huandika nani amefungua nini na lini. Nakala uliyopewa wewe inaweza kuwa na muhuri, kosa la chapa au alama ya kalamu ambayo nakala za wengine hazina. Gazeti likiichapisha picha ya ukurasa huo, mkuu wako hahitaji kujua neno Tor. Anaangalia ukurasa na kujua umetoka mezani kwa nani. Kama mlioziona hati ni watatu, mtandao wowote duniani hauwezi kuwafanya mkawa elfu. Mwombe mwandishi, kwa maneno ya wazi, asichapishe hati yenyewe, bali azitumie kujua pa kuuliza, kisha apate uthibitisho kwa njia yake. Mwandishi anayeijua kazi yake atakuelewa. Asiyeelewa, usimpe.

Maandishi yako pia yana sauti. Ukimwandikia mhariri wa Dar barua ndefu kama uliyoniandikia mimi, ataona kuwa aliyeandika ni mtu wa visiwani, na aliyezoea kukusoma afisini atakutambua kwa mpangilio wa sentensi. Andika kwa ufupi, sentensi za kawaida, bila ya misemo yako.

Kisha kuna kuchanganya majina mawili. Ross Ulbricht, aliyeendesha soko la dawa za kulevya la Silk Road ndani ya Tor, alikamatwa Oktoba 2013 katika maktaba ya umma San Francisco. Miongoni mwa yaliyowaongoza wachunguzi ni kwamba siku za mwanzo alilitangaza soko hilo kwa jina la bandia, na baadaye kwa jina hilo hilo la bandia akatoa barua pepe yenye jina lake kamili. Mara moja ilitosha. Kwako maana yake ni kwamba ukiwa kwenye Tor kwa jambo hili, usifungue barua pepe yako, wala Facebook, wala tovuti yoyote inayokujua, na wala usimtafute mwandishi huyo kwa WhatsApp kesho yake kumuuliza kama amepata. WhatsApp ni namba, na namba ni vidole vyako.

Njia iliyo bora ya kumfikia, ikiwa chombo chake cha habari kinayo, ni SecureDrop, mfumo wa kupokea hati kwa siri kupitia Tor, unaotumiwa na magazeti kadhaa makubwa duniani. Anwani zake huishia na .onion, herufi na tarakimu 56 kabla ya nukta. Hapo huhitaji kituo cha kutokea: wewe unajenga njia yako, wao wanajenga yao, na mnakutana kwenye kituo cha katikati ambacho hakijui upande wowote ni nani. BBC nayo ina anwani ya .onion tangu 2019, kwa ajili ya kusomwa tu. Hakikisha anwani unaichukua kwenye tovuti rasmi ya chombo chenyewe, kwa sababu za bandia zipo na hakuna anayeweza kuitambua ya uongo kwa kuitazama.

Na simu yako hiyo hiyo? Nakuomba usitumie. Tor Browser ya Android ipo tangu 2019 na ni nzuri, lakini ukiipakua kutoka duka la Google, akaunti yako inaweka kumbukumbu kwamba umeipakua; simu ina laini yako, mnara wa simu unajua uko wapi, na siku ikichukuliwa mkononi mwako programu iko pale inaonekana. Kwenye iPhone kinga ni hafifu zaidi, kwa sababu Apple imevilazimisha vivinjari kutumia mtambo wake. Kitu kinachofaa kwa jambo la uzito huu ni kompyuta isiyo ya afisi, ikiwashwa kwa Tails, mfumo unaokaa kwenye USB, unaopeleka kila kitu kwenye Tor na kutoacha kumbukumbu kwenye kompyuta ukishazima. Pakua kutoka tails.net peke yake, uhakiki faili kama wanavyoelekeza, na usiunganishe kompyuta hiyo na intaneti ya nyumbani kwako wala ya afisi. Weka ngazi ya usalama ya kivinjari juu kabisa, usilipanue dirisha lake, kwa kuwa ukubwa wa kioo nao hukutofautisha na wengine, na hati utakayopakua usiifungue nje ya Tails. Kama mambo haya ni mengi kwako kwa sasa, usianze nayo peke yako. Nenda kwanza kwa mwanasheria, simu uiache nyumbani. Mdogo wako tayari anajua kuwa uliuliza habari za Tor. Yaliyobaki usimwambie.